Bloku au Python? Jibu kwa mwalimu ambaye roboti yake inapotea mstari

Swali: Ninasimamia klabu ya roboti katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Tuna roboti 6 zinazoongozwa na micro:bit (kompyuta ndogo ya kufundishia) zenye zile mota za njano, na seti 2 za roboti za LEGO EV3 tulizopewa kama msaada. Wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wanatumia MakeCode, programu ya kompyuta ambamo wanaburuta bloku za amri na kuzipachika. Mhandisi mmoja aliyetutembelea alisema bloku ni mchezo wa watoto, tunawapotezea muda, tuhamie Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno, mara moja. Wakati huohuo tuna vituko viwili. Roboti ya kufuata mstari ilikuwa inakwenda vizuri, tulipoongeza bloku ya kuonesha namba ya kihisi ikaanza kupotea kila mara. Na ile amri ya kwenda mbele sekunde 2 inatupa sentimita 90 asubuhi, mchana 70. Je, Python itatuponya?

Jibu: Mwalimu, naomba nianze na vituko vyenu kabla sijafika kwa mhandisi, maana jibu la swali lako kubwa limejificha humo.

Roboti inayopotea mstari haina ugonjwa. Inatii. Kioo cha micro:bit kina taa 25 tu, tano kwa tano, kwa hiyo namba ya tarakimu moja inakaa, lakini namba ya tarakimu tatu lazima ipite kwa kutambaa kutoka kulia kwenda kushoto. Bloku ya kuonesha namba haiachii zamu mpaka namba yote imalize kupita, na hilo huchukua zaidi ya sekunde nzima. Muda wote huo mota zinaendelea na amri ya mwisho zilizopewa. Kama amri ya mwisho ilikuwa kukata kushoto, roboti inakata kushoto. Roboti yenye mwendo wa sentimita 40 kwa sekunde inatembea zaidi ya sentimita 40 ikiwa imefumba macho, wakati tepu nyeusi ya umeme mliyobandika sakafuni ina upana wa milimita 19 hivi. Ingekuwa ajabu kama isingepotea.

Sasa tuseme mmemsikiliza mhandisi, mkahamia Python Jumamosi iliyopita. Mngeandika display.scroll(namba) ndani ya mzunguko uleule, yaani sehemu ya programu inayojirudia, na roboti ingepotea vilevile, kwa sababu ileile. Python ya micro:bit nayo husubiri namba ipite. Tofauti ni kwamba Python ina mlango. Ukiandika display.scroll(namba, wait=False), programu haisubiri tena. Hata hivyo kuna mtego nyuma ya mlango huo: ukiita amri hiyo kila mzunguko, namba inaanza upya kabla haijasomeka, na kiooni mtaona mikwaruzo tu. Inabidi muweke hesabu ya saa, namba ioneshwe kila baada ya sekunde tatu, kwa mfano. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufanya hivyo, lakini si siku yake ya kwanza.

Na kwa bloku? Chukueni bloku nyingine ya kurudia milele, muiweke pembeni, na bloku ya kuonesha namba iingie humo peke yake. MakeCode inaendesha mirundo hiyo miwili ya bloku kwa kupokezana: huu wa namba unaposubiri, ule wa mota unaendelea na kazi. Kituko kimekwisha, bila kuandika herufi hata moja. Kwa tatizo hili, kifaa kinachoitwa cha watoto kina suluhisho jepesi kuliko kile cha wakubwa.

Lakini angalia pia bei yake. Mwanafunzi aliyefurahia mirundo miwili, wiki ijayo ataweka amri za mota katika yote miwili. Mmoja utasema kushoto, mwingine utasema mbele, na roboti itatetemeka kama mtu aliyeitwa na shangazi wawili kwa wakati mmoja. Hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Mchoro utaonekana safi kabisa, kila kipande kimeshikana na mwenzake. Hiyo ndiyo tabia ya bloku ambayo mwalimu lazima aijue kuliko zote: zinakuzuia kukosea namna ya kuandika, hazikuzuii kukosea namna ya kufikiri, na umbo lake zuri linamfanya mtoto aamini kwamba kilichoshikana kiko sahihi.

Kituko cha pili ni rahisi zaidi kueleza, na nadhani ni somo zuri kuliko la kwanza. Zile mota za njano hazina kitu cha kuhesabu mzunguko wa gurudumu. Bloku inasema "kasi 50", lakini hiyo si kasi. Ni sehemu ya umeme wa betri inayopelekwa kwenye mota, basi. Betri mpya ya asubuhi inasukuma kwa nguvu, betri iliyochoka mchana inasukuma kwa unyonge, na sekunde 2 ni zilezile. Zulia, vumbi, na gurudumu lililolegea navyo vinaingia katika hesabu. Aliyeandika jina la bloku hiyo alitaka kumrahisishia mtoto, akaita umeme kasi, na kwa neno hilo moja somo zima la fizikia likafunikwa. Python haitawaponya hapa hata kidogo. Utaandika 50 ndani ya mabano, na mchana roboti itaishia sentimita 70 kama kawaida.

Kinachoponya ni kuweka seti za EV3 karibu na hizo za njano. Mota ya EV3 ina kihisi cha mzunguko kinachosoma digrii moja moja. Gurudumu la kawaida la seti ya shule lina kipenyo cha milimita 56. Waache wanafunzi wakokotoe wenyewe: 56 mara pai ni karibu milimita 176 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mita moja ni mizunguko 5.68, yaani digrii 2,046 hivi. Waiamuru roboti izunguke digrii hizo, wapime kwa futi kamba. Kisha waiamuru roboti ya njano iende mita hiyohiyo kwa sekunde. Warudie mara kumi kila moja, waandike ubaoni. Baada ya hapo hutahitaji kuwahubiria tofauti kati ya kuamuru na kupima. Mimi nimefanya zoezi hili na makundi mengi, na kila mara kuna mtoto anayesimama akisema, "Kumbe hii ya njano haijui imefika wapi!" Hiyo ni sentensi ya mhandisi, na ameipata kwa kuburuta bloku.

Sasa tuje kwa mgeni wenu. Kwa upande mmoja amesema kweli, nitafika huko. Lakini neno "mchezo wa watoto" nalikataa, na sababu yangu naitoa kiwandani. Mitambo mingi inayojaza chupa, inayosogeza mifuko ya saruji, inayofungua na kufunga valvu, inaendeshwa na vidhibiti viitwavyo PLC. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya magari ya General Motors huko Marekani ilitaka kuachana na makabati makubwa ya rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), ambayo kila mtindo wa gari ulipobadilika yalihitaji kufumuliwa waya upya. Dick Morley na wenzake wakatengeneza kidhibiti cha Modicon 084. Programu yake haikuandikwa kwa maneno, ilichorwa kama ngazi: nguzo mbili za umeme kulia na kushoto, na vipandio katikati vyenye swichi na koili. Walichagua mchoro huo kwa sababu mafundi umeme wa kiwandani walikuwa tayari wanausoma. Hadi leo mchoro wa ngazi ni mojawapo ya lugha zilizomo katika kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1993.

Nilipokuwa kijana karakanani, usiku mmoja mkanda wa kusafirishia mizigo ulisimama. Fundi wa zamu, mtu mzima ambaye hakuwahi kuandika mstari wa msimbo maishani mwake, alifungua kompyuta na kutazama ngazi. Vipandio vinavyopitisha umeme vilikuwa na rangi. Akafuata rangi kwa kidole mpaka mahali ilipokatika, akasoma namba ya swichi, akatembea hatua kama ishirini, akafuta vumbi kwenye kihisi kimoja, mkanda ukaondoka. Dakika nne. Mchoro ule haukuwa wa kitoto. Ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya mtu atakayeusoma saa nane za usiku.

Basi usipime kifaa kwa kuuliza kama kina picha au maneno. Uliza: roboti ikigoma, mwanafunzi wangu anaweza kuona ndani hadi wapi? Fundi yule aliona hadi kwenye swichi. Bloku ya "kasi 50" inamwonesha mtoto jina tu. Hapo ndipo urahisi unapogharimu, na gharama hiyo iko hata katika Python, maana maktaba, yaani kifurushi cha amri alichoandika mtu mwingine, nayo ni sanduku lililofungwa. Tofauti ni kwamba sanduku la Python kwa kawaida lina mfuniko, na sanduku la bloku mara nyingi limeshonwa.

Mfano mmoja wa kushonwa, ambao hata walimu wengi hawaujui: bloku ya kurudia milele ya MakeCode, kila ikimaliza duru moja, inapumzika milisekunde 20 kimyakimya. Haijaandikwa popote juu ya bloku. Mapumziko hayo ndiyo yanayoruhusu mirundo miwili kupokezana, kwa hiyo si uzembe, ni uamuzi wa busara. Lakini maana yake ni kwamba roboti inasoma mstari si zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Roboti ya sentimita 40 kwa sekunde inasogea milimita 8 kati ya kusoma na kusoma. Kwenye tepu ya milimita 19 hiyo inatosha. Wakifunga mota zenye kasi mara tatu, itakuwa milimita 24, imepita upana wa tepu, na hapo hakuna kurekebisha namba kutakakosaidia mpaka mtu ajue kuna mapumziko.

Na usidanganyike kwamba Python ingekuwa na haraka zaidi. Kwenye micro:bit ni kinyume. MakeCode hutafsiri bloku zako kuwa lugha ya mashine kabla ya kuzipakia, wakati MicroPython, yaani ile Python ya micro:bit, inasoma programu na kuitafsiri papo hapo, ndani ya kifaa ambacho toleo lake la kwanza lina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 16 tu. Programu ileile ya hesabu nyingi kwa kawaida hukimbia zaidi ikitoka kwenye bloku. Mtu akikwambia uhamie Python kwa ajili ya kasi, mwombe aeleze anazungumzia kompyuta gani.

Faida za bloku mnazijua, ila kuna moja hutajwa kwa nadra nayo ni kubwa kwetu. Klabu nyingi zina watoto watano kwa kompyuta moja. Kwa bloku, wote watano wananyoosha kidole kwenye kioo, "toa hiyo, weka ile," na kazi inakwenda. Kwa kuandika, anayejua kibodi anaimiliki, wengine wanne wanageuka watazamaji. Kisha inakuja lugha. Scratch, programu nyingine ya bloku iliyotoka katika maabara ya chuo kikuu cha MIT mwaka 2007, inaweza kubadilishwa bloku zake kuwa Kiswahili, na mtoto aliyetoka darasa la saba akaanza kufikiri kwa "ikiwa" na "rudia" bila kupita kwanza kwenye Kiingereza. Maneno maalumu ya Python ni 35 tu na anayeanza anahitaji kama kumi, hayo hayamshindi mtu. Kinachowashinda ni ujumbe wa kosa. Kwenye micro:bit ujumbe huo unapita herufi kwa herufi katika zile taa 25, kwa Kiingereza, kwa mtoto ambaye kosa lake ni nafasi moja iliyozidi mwanzoni mwa mstari. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakiondoka klabuni kwa ajili ya nafasi moja.

Watafiti David Weintrop na Uri Wilensky waliwahi kulinganisha wanafunzi wa sekondari nchini Marekani, kundi moja likianza na bloku na lingine na maandishi kwa wiki tano, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wa bloku walijifunza zaidi na hamu yao ya kuendelea ilikuwa kubwa. Wa maandishi ndio walioona kwamba wanachofanya kinafanana na kazi ya kweli ya watengeneza programu. Na baada ya makundi yote kuhamia Java, lugha ya maandishi, kwa wiki kumi, tofauti ya uelewa haikuonekana tena. Mimi nasoma hapo mambo mawili: aliyeanza na bloku hakuchelewa, na hakupata akiba ya kudumu pia. Kwa hiyo usimtishe mtoto kwamba anapoteza muda, wala usimwache humo ukidhani bloku zitamfikisha zenyewe.

Hapa ndipo mhandisi wenu ana haki. Kuna siku bloku zinaishiwa. Chukua roboti ya mstari ileile. Wengi huanza na amri mbili: ukiona nyeusi kata huku, ukiona nyeupe kata kule, na roboti inakwenda ikiyumba. Hatua inayofuata ni kukata kulingana na ukubwa wa kosa. Tuseme kihisi chenu kinasoma 780 kwenye nyeupe na 220 kwenye nyeusi; katikati ni 500. Toa 500 kwenye usomaji, zidisha kwa 0.1, jumlisha jibu kwenye gurudumu moja na litoe kwenye lingine. Kwenye nyeupe kabisa kosa ni 280, jibu ni 28, kwa hiyo magurudumu ya kasi 40 yanakuwa 68 na 12. Kwenye ukingo wa tepu kosa ni sifuri, yote yanakuwa 40, roboti inanyooka. Hii kwa bloku inakaa vizuri kabisa, vipande visivyofika kumi, na naomba muifanye kwa bloku.

Baada ya hapo watataka iangalie pia kosa linabadilika kwa haraka gani, ihesabu njia panda, igeuke kwenye ya tatu, isimame mbele ya kizuizi. Mabano ya hesabu yatapachikwa ndani ya mabano mpaka bloku moja ivuke upana wa kioo. Watanakili rundo lilelile mara tatu, warekebishe namba katika mawili na kusahau la tatu. Wanafunzi wawili watakuja na matoleo mawili ya programu moja na hakuna atakayejua yametofautiana wapi, ilhali maandishi unayalinganisha mstari kwa mstari. Mkiona dalili hizo, kundi hilo limeiva. Usisubiri mwisho wa mwaka, na usiwahamishe wengine ambao bado wanahangaika na "ikiwa".

Namna ya kuhama ni muhimu kuliko tarehe. Juu ya ukurasa wa MakeCode kuna kitufe kinachogeuza bloku kuwa Python na kuzirudisha. Anza na programu ambayo tayari inafanya kazi na ambayo wanaijua kwa moyo, ile ya 780 na 220. Waigeuze, waitafute hesabu ya kosa ndani ya maandishi, wabadilishe 0.1 kuwa 0.2 kwa kuandika, waone roboti inavyoanza kuyumba. Wakizoea kusoma ndipo waandike funksheni yao ya kwanza. Jambo moja uwaeleze wazi: Python ya MakeCode si ileile MicroPython. Amri zake zina majina tofauti, na mfano wa mtandaoni wenye display.scroll hautakubali humo. Asipoambiwa, mtoto atadhani kosa ni lake.

EV3 zenu zitunzeni. LEGO ilitangaza mwaka 2022 kwamba inasitisha Mindstorms, familia ya roboti ambayo EV3 ni mojawapo, kwa hiyo programu zake za bloku hazina mustakabali mrefu kila mfumo wa kompyuta unapobadilika. Kwenye kompyuta ile ambayo sasa programu inafunguka vizuri, hifadhini faili la kuisakinisha kwenye diski mweko, na msiharakishe kusasisha mfumo wake. Siku ikigoma kabisa, upo mradi huria wa ev3dev: mfumo endeshi wa Linux unaoandikwa kwenye kadi ya microSD na kuchomekwa ubavuni mwa EV3, kisha roboti inapokea Python ya kawaida. Ukiitoa kadi, EV3 inarudi kama ilivyokuwa. Hao vijana wawili watatu watakaokuwa wa kwanza kuiva, wape kazi ya kuandaa kadi hiyo.

Kwa kipindi kijacho, anza na bloku ya namba. Msiwaambie kosa liko wapi. Waambie waishike roboti mkononi, magurudumu yakiwa hewani, wasogeze kipande cha tepu nyeusi chini ya kihisi huku wakitazama namba ikipita kiooni na magurudumu kwa pamoja. Wataona magurudumu yanaendelea na amri ya zamani mpaka namba imalize.